Majike na Madume ya Shamba la Chini

Jumatatu, 3 Aprili

Matumba ya maua! Nimeyaona asubuhi hii kwenye safu ya pili, kisha ya tatu, kisha nikaacha kutembea nikaanza kukimbia, jembe mkononi, kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Kila mti wa kiwi nilioubebesha kikonyo kipya mwaka jana umetoa. Ni madogo, ya kijani, yamejificha kwapani mwa majani machanga — lakini yapo! Mwaka mzima na ushei nimekuwa nikitazama majani matupu.

Nikamwita Mama. Mama mkwe wangu hakimbii ovyo, magoti hayamruhusu, lakini leo kaja mbio na unga wa ngano mikononi. Akapinda tawi, akavaa miwani, akatazama weee. Kisha akasema, "Basi mwanangu anarudi." Akageuka kwenda jikoni bila neno jingine. Nilimsikia anaimba mpaka mchana.

Niandike makubaliano hapa, Yongqian asije akayageuza. Mume wangu yuko Xi'an miaka sita sasa, anakanda na kukata tambi kwenye kibanda cha bosi Lu. Bosi Lu amechoka, anataka kuwaachia kibanda watu wawili, mke na mume, na jibu analitaka kabla ya mwezi huu kwisha. Yongqian kasema hivi: shamba la chini likichanua majike mwaka huu, anafunga virago anarudi, tunalima pamoja. Lisipochanua, nafunga nyumba mimi, namfuata mjini. Mimi nikauze tambi! Nikae kwenye moshi wa pilipili tangu alfajiri, mwanetu Tiantian akitoka shule ya bweni akute kufuli mlangoni, Mama abaki anaongea na kuku. Sitaki. Sitaki kabisa.

Na kila kitu kinategemea hilo neno, majike. Mkiwi dume hauzai hata tunda moja, kazi yake ni kutoa chavua tu. Na ukiwa hauna maua, kuujua hakuwezekani. Majani yale yale, gome lile lile. Lakini mimi sina wasiwasi. Vikonyo vya kubebeshea, vile vijiti vya kupandikiza juu ya shina, nilivikata kwa mkono wangu kwa Mama mdogo Cai'e, mdogo wake Mama, ng'ambo ya mto, mara tu baada ya sikukuu ya taa inayofunga Mwaka Mpya, mwaka jana. Alikuwa anakwenda sokoni, akaniambia nijikatie nitakavyo ila nisiguse yenye kitambaa. Huku kwetu kila mtu hufunga kitambaa chekundu kwenye madume yanapochanua, ili wakati wa baridi, miti ikiwa mitupu, mtu asikosee. Kitambaa sikukigusa. Nilichagua miti isiyo nacho, tena ile yenye matawi manene, yaliyoshiba. Tawi nene hushika upesi.

Nimempigia Yongqian. Masufuria yanagongana, watu wanaagiza, nusu ya maneno yanapotea. Aliuliza kama ni majike. Nikamwambia angoje yafunguke, lakini ni majike. Akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mtu ambaye tayari amepanda basi!

Jumanne, 4 Aprili

Siku ya kufagia makaburi. Tumeng'oa magugu kaburini kwa Baba mkwe, tumemwekea vitafunio na kikombe cha pombe, tumechoma karatasi. Yongqian hakuja. Siku za mapumziko kibanda hufurika.

Mama mdogo Cai'e alikuja na kikapu cha mikate ya mvuke yenye mboga za mlimani. Nikammwagia habari za matumba hata hajakaa. Akafurahi, akanipiga mgongoni, akasema nina mkono mwepesi. Halafu akaanza kicheko chake kile cha kutikisa mabega. Anasema wajukuu zake ni watundu wasio na mfano: machipuko ya mwaka jana miti yake yenye kitambaa ilichanua majike, na madume yenyewe yalikuwa shingo tupu. Ikabidi afunge vitambaa upya, shamba zima.

Nikacheka. Tulicheka wote. Kisha kicheko kikanikatikia njiani.

Nikamwuliza vitambaa vilihama lini. Hajui, yeye aliona maua yalipofunguka tu. Kabla ya sikukuu ya taa au baada yake? Hajui! Kwani kuna nini? Nikasema hamna kitu.  Nikamtazama Mama ili anisaidie kuuliza, na Mama alikuwa amechuchumaa, anachokora karatasi na kijiti, ingawa zilishakuwa majivu kitambo.

Hakuimba leo.

Jumatano, 5 Aprili

Si wajukuu.

Nilikuwa nachambua vitunguu, Mama anakanda unga. Akaanza kusema akiwa amenipa mgongo, na hakugeuka hata mara moja.

"Ni mimi, Qiaoling. Mkesha wa Mwaka Mpya nilikwenda kumsaidia mdogo wangu kubandika karatasi nyekundu milangoni. Tulibandika mpaka kwenye banda la nguruwe. Nikatoka nikaenda shambani, nikaona nyekundu imevaliwa na miti isiyozaa, na ile iliyomlisha mwaka mzima imesimama uchi. Mwaka Mpya, uchi! Nikaona haya. Nikafungua vitambaa, nikaivisha inayozaa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema nilipokwenda kukata vikonyo. Anasema alisahau. Tulipokuwa tukibebesha, siku zile za baridi kali, yeye akinishikia utepe, hakukumbuka hata chembe. Amekumbuka jana, kaburini, mbele ya mumewe.

Damu ilinichemka. Nilitaka kupiga kelele, nikatoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo ina kosa gani? Mimi nilikwepa vitambaa vyote kwa uangalifu wa hali ya juu, nikajisifu, nikachagua matawi manene kuliko yote. Na kila mtu hapa anajua dume ndilo linalonenepa, kwa sababu halihangaiki na matunda!

Lakini ngoja. Mama mdogo ana majike mengi kuliko madume, mengi mno. Huenda nilikata mchanganyiko. Huenda yote ni majike. Huenda! 

Jumamosi, 8 Aprili

Siku tatu nazunguka shambani na shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Matumba bado madogo, nikiyapasua sasa sitaona kitu ila maji ya kijani.

Kijiji kizima kina elimu, na kila mmoja ana yake. Mmoja anasema tumba likikaa peke yake ni jike, yakikaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja ni dume. Mwingine anasema nitazame ncha ya jani. Mzee Suo, jirani yetu wa shamba la juu, kaja mikono nyuma, kavunja jani la mkiwi, kalinusa, kalitafuna, kalitema. Akatangaza kwamba ni jike, tena jike mkali. Nikamrukia kwa furaha nusura nimwangushe! Kisha nikamvunjia jani la mnanaa ulioota kwenye mfereji, nikamwambia anuse na hili. Akanusa akasema hilo nalo ni jike. Sina mbavu.

Matatu matatu lakini... Nimeona mengi yaliyokaa matatu matatu. Nimeona na yaliyokaa peke yake, safu ya kwanza. Sitaki kuhesabu.

Kwa Mama nasema "shikamoo" na "chakula tayari". Basi. Yeye anajibu hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Aprili

Leo nimeingia na wembe.

Matumba yamevimba, yamefikia ukubwa wa punje za njegere. Nilianza safu ya kwanza, mti wa pembeni.  Nikalikata tumba katikati, nikalifungua juu ya ukucha wa dole gumba. Ndani — kitunda! Kitunda kichanga, kijani, kina manyoya, na juu yake vinyuzi vyeupe vimejikunja tayari kufunguka nyota. Jike! Nilipiga kelele mpaka kuku wa Mzee Suo wakatawanyika. Mti wa pili jike. Wa tatu jike! Nikacheza, naapa, nikacheza peke yangu kwenye matope na viatu vya mpira.

Safu ya pili, mti wa kwanza. Nikakata. Nyuzi za manjano tu, zimejazana kama brashi. Chini yake bapa. Hakuna tumbo, hakuna kitu.

Nikakata tumba jingine la mti ule ule. Bapa. Nikahamia mti unaofuata. Bapa. Niliendelea hivyo mpaka wembe ukawa butu na vidole vikanata utomvu. Safu ya kwanza yote ni majike, na vipande vya safu ya tano. Yaliyobaki, shamba zima la chini, madume. Yamenenepa, yana afya, yanapendeza, na hayatazaa hata kiwi moja ya kumpa mgonjwa.

Nilikaa chini palepale. Sikulia. Kwanza nilikuwa na hasira ya kutosha, machozi hayakupata nafasi.

Ijumaa, 14 Aprili

Yongqian kapiga simu. Bosi Lu kaanza kumwuliza kila siku. Yeye kaniuliza maua vipi.

Nimesema yanakuja vizuri. Na kweli yanakuja vizuri! Hakuuliza zaidi. Akasema amenunua viatu vya shambani, vipya, vimo kwenye mfuko chini ya kitanda chake, wenzake wanamtania.

Nilipokata simu nikamkuta Mama kasimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Akaenda kuwapa kuku maji mara ya pili.

Jumapili, 16 Aprili

Kumbe bado kuna njia!

Mama aliondoka alfajiri bila kuniaga. Magoti yale yale! Kavuka daraja kwa miguu mpaka kwa mdogo wake, akamweleza yote, vitambaa na vyote. Saa nne wakarudi wawili juu ya pikipiki ya magurudumu matatu ya Mama mdogo, na nyuma gunia lenye unyevu. Vikonyo! Vikonyo vya majike, alivikata wakati wa baridi, akavifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya shimo lake la viazi. Vimelala, macho hayajafumbuka, gome ukilikwaruza ni kijani safi. Na hivi amevikata baada ya kufunga vitambaa upya, kwa maua aliyoyaona kwa macho yake.

Nilidhani muda umepita, kwa sababu mkiwi ukiukata baridi ikishakwisha unalia maji siku nzima na kikonyo kinazama. Mama mdogo kanicheka. Anasema mti hulia ukiwa hauna majani. Sasa majani yametoka, maji yana pa kwenda. Tukate mashina ya madume, tubebeshe majike juu yake, tuache tawi moja chini la kuunyonyesha mzizi. Mizizi ni minene, ina nguvu. Mwakani maua.

Mwakani. Bosi Lu hangoji mwakani. Lakini sikulisema hilo, nilikuwa nimeshachukua kisu nakinoa!

Mama mdogo alisema jambo jingine akiwa anaondoka. Aliniambia dada yake alisimama mlangoni kwake asubuhi ile akaomba msamaha kabla hata ya kusalimia, na kwamba tangu wakiwa wasichana hajawahi kumsikia akiomba msamaha kwa mtu. Niliingia jikoni nikakuta Mama anachua magoti kwa mvinyo. Nikamnyang'anya chupa nikamchua mimi.  Alinivuta sikio kidogo, kama anavyomfanyia Tiantian.

Jumanne, 18 Aprili

Tumeanza. Mimi msumeno na kisu, Mama utepe.

Napenda kazi hii jamani, naipenda! Unakata shina usawa wa kifua, unalisafisha kwa kisu mpaka ling'are, unalipasua katikati kwa kina cha kidole. Kikonyo unakichonga ncha pande mbili, mchongo mmoja wa kila upande, usirudie rudie, ukirudia kinakuwa na mawimbi na hakishiki. Kisha unakiteremsha kwenye mpasuko, pembeni, si katikati. Ule utando wa kijani chini ya gome la kikonyo ukutane na ule wa shina. Hapo ndipo penye uhai wote. Mama anazungusha utepe kuanzia chini, anavuta kwa meno, anafunga. Nta kidogo juu. Mti mwingine.

Tulikuwa tumemaliza miti michache tu ya safu ya pili Mzee Suo akaja mbio mbio, mikono haiko nyuma leo. Akashika msumeno wangu. Akaniomba kwa heshima zote nisikate dume jingine.

Mambo ni haya. Miaka mitatu iliyopita alisimama barabarani akawahubiria watu kwamba madume ni kupe, yanakula mbolea bure, yote wayabebeshe majike na chavua wanunue ya dukani. Watu wakamsikiliza. Mwaka huu chavua ya dukani haijaja, mwenye duka hapatikani, na maua yanafunguka wiki hii. Upande huu wote wa kijiji umejaa majike yanayosubiri. Madume yako wapi? Kwangu!

"Mama Tiantian," akasema, "umefungua kambi ya jeshi huku sisi tuna mabinti wa kuoza. Tuazime askari."

Nilicheka mpaka nikajishika nguzo. Mama akamwambia ajifunze kunusa majani vizuri kwanza. Lakini tumekubali. Tutaacha madume yachanue, watu wavune maua, kisha tutakata. Siku nne tano hazitaua vikonyo, vimerudi mchangani.

Ijumaa, 21 Aprili

Yamefunguka.

 Niliamka nikadhani theluji. Shamba la chini lote jeupe, waya hazionekani, nguzo hazionekani. Dume hutoa maua mengi maradufu ya jike, na haya yangu yamelishwa vizuri, yametoa mpaka kwenye vitawi vya ovyo. Harufu tamu imejaa mpaka jikoni. Nyuki wanavuma!

Watu walikuja na vikapu kabla ya umande kukauka. Tunachuma yale yaliyofumbuka nusu, chavua ikiwa bado haijapeperuka. Wanawake walikaa uani kwetu wanachambua vichwa vya manjano, wakisengenya, wakinitania kwamba mimi ndiye mkwe wa kijiji kizima. Tukavianika juu ya karatasi kwenye kitanda chetu cha udongo, moto mdogo sana chini, Mama akiweka kiganja kila mara kupima joto kama anapima homa ya mtoto. Vikipasuka vinatoa unga. Nyumba nzima ya manjano! Nywele zangu, kope za Mama, mkia wa paka.

Katika furaha ile nilitoka na simu nikapiga picha. Shamba lote, jeupe, na milima ya Qinling nyuma yake. Nikamtumia Yongqian.

Sikuandika neno. Hata moja. Nilijua ninachokifanya? Nadhani nilijua. Nilitaka aone tu jinsi shamba lake lilivyo zuri. Kwa mbali vile, dume na jike hutofautishi.

Jumamosi, 22 Aprili

Siku nzima safu ya kwanza na vile vipande vya safu ya tano. Majike yangu halisi. Ua la jike likifunguka lina ile nyota nyeupe katikati, vinyuzi vimetandazwa pande zote. Unachovya manyoya ya kuku kwenye unga, unagusa nyota, unagusa nyota. Mashamba ya juu yote watu wamesimama juu ya viti wanafanya hivyo hivyo, wanaitana, wanaimba. Mzee Suo anaimba vibaya kuliko wote.

Saa nane simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Yongqian. Maneno mawili tu: "Naja kesho."

Nimemwonyesha Mama. Akashika ukingo wa kiti. Alitaka nimpigie sasa hivi, nimwambie. Nikasema ndiyo, nampigia. Nikafungua jina lake, nikafunga. Nikafungua. Kisha Mzee Suo akaja kuomba unga mwingine, na nikashukuru kuwa amekuja.

Sijampigia.

Jumapili, 23 Aprili

Naandika huku nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwisho wa safu ya tatu. Mwandiko mbaya, mikono inanata.

Alifika na basi la kwanza. Mama alimwona kabla yangu. Anakuja na njia ya mfereji, viatu vipya vya shambani miguuni, na mgongoni — matandiko. Godoro limekunjwa, limefungwa kamba, na sufuria yake inaning'inia. Si mtu wa kuja siku mbili huyo. Amehama!  Nilikimbia. Alinuka mafuta ya pilipili mpaka kwenye kola. Nilimshika na hakuniachia upesi, mbele ya mashamba yote, na Mzee Suo akapiga mluzi.

Aliweka mzigo chini ya nguzo ya kona, akaingia shambani huku akicheka, kichwa juu. Safu ya kwanza akapita taratibu, anagusa matawi. Mimi nilikuwa nyuma yake, natafuta pa kuanzia. Safu ya pili akachuma ua.

Yongqian kazaliwa hapa. Aliligeuza mara moja tu.

Akachuma la mti uliofuata. Akavuka mpaka safu ya nne akachuma huko. Kisha akasimama na maua matatu kiganjani, ananipa mgongo. Nilisema. Nilisema yote kwa pumzi moja, vikonyo, vitambaa, picha, nilivyofungua jina lake kwenye simu nikafunga. Mama akaja akasimama kati yetu. Akamwambia, "Wa kulaumiwa ni mimi. Mkeo alifanya kila kitu sawasawa."

 Alimgeukia mama yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo uliivisha miti inayozaa nguo mpya, Mama?" Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Yongqian akafinya midomo, na sikuweza kujua ni kicheko au nini, akaenda kando akajinawa uso kwenye mfereji.

Aliporudi aliuliza vikonyo viko wapi. Nikamwonyesha gunia. Akachomoa kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Akauliza tena, lini vitachanua. Nikasema mwakani. Nikasema tena, kwa sauti ndogo, kama vitashika.

Basi akavua koti akalitundika hapa kwenye waya, pembeni yangu, akachukua msumeno. Tangu wakati huo hajasema kama anabaki. Mama anamshikia utepe. Mzigo wake uko pale pale chini ya nguzo, kamba haijafunguliwa, petali zinaudondokea. Anakata vizuri, nilisahau kwamba anajua. Mchongo mmoja kila upande, harudii. Nikimwita anaitika, "Naam."  Miti mingapi, sijui, amemaliza safu ya pili yuko ya tatu, anakuja upande wangu.

Simu yake imeita ndani ya koti. Niliitoa. Bosi Lu. Nikamwita, nikamwonyesha kwa mbali. Alikuwa ameshika kikonyo katika mpasuko, hawezi kuachia.

"Pokea wewe, Mama Tiantian," akasema. "Anataka jibu leo. Mpe."

Nikauliza nimpe jibu gani, kwamba kibanda tunakichukua au tunabaki hapa.

"Shamba umelibebesha wewe," akasema, akainama tena.

Nilibaki nimeikodolea macho mpaka ikakatika. Mama kaacha kuzungusha utepe, ananitazama. Yongqian hanitazami, lakini kisu chake nacho kimesimama. Nimejifuta utomvu kwenye suruali, nimeiweka simu juu ya goti hapa ninapoandikia.

Inaita tena.